Kizibo cha Maji

Joto la chumba cha kubadilishia nguo siku hiyo lilikuwa la kukaangia. Wasichana kumi na wawili waliokuwa wamekimbizwa uwanjani saa mbili nzima walijitupa kwenye mabenchi kama nguo zilizokosa kamba, na mmoja wao akaomba, kwa sauti ya mtu anayeaga dunia, dirisha lifunguliwe. Aliyekuwa karibu nalo ni Nyundo, nahodha wao, mpigaji wa voliboli ambaye smashi yake iliwahi kumvunjia mwamuzi wa mstari miwani. Dirisha lilikuwa la kioo, la kusukuma kando. Nyundo akaweka mkono wa kulia kwenye ukingo, kiwiko kikiwa ubavuni, akasukuma kwenda kulia. Dirisha halikwenda. Hakushangaa wala hakulalamika. Alibadilisha tu mkono, wa kushoto ukapita mbele ya tumbo, na dirisha likateleza kama limepakwa siagi.

Hakuna aliyejali, hewa iliingia. Aliyejali ni Plasta peke yake, ambaye alikuwa amekaa sakafuni akikunja mikanda yake. Plasta ndiye aliyekuwa mtaalamu wa tiba ya viungo wa timu, binti wa miaka ishirini na sita mwenye stashahada yake iliyobanwa ukutani stoo. Jina la Plasta alipewa na wachezaji kwa sababu, walisema, ukimwambia umeachwa na mchumba atakufunga plasta ya kifua. Kilichomfinya moyoni si kwamba Nyundo alishindwa na dirisha. Ni kule kubadilisha mkono bila kufikiri. Aliwahi kumwona mtu akifanya vile vile, mara nyingi, na hakukumbuka wapi.

Wenzake walipokwenda kuoga, alimwita Nyundo stoo, kwenye meza ya kuchulia misuli iliyokaa katikati ya nyavu na mifuko ya mipira. Akakunja taulo, akalibana kati ya kiwiko na mbavu za Nyundo, akamwambia akunje mkono kama anayebeba trei, kisha asukume kiganja kwenda nje. Akaanza na wa kushoto. Nyundo alisukuma mpaka Plasta akarudi nyuma hatua moja. Wakahamia wa kulia. Plasta aliuzuia kwa vidole viwili, na mkono ukarudi tumboni wenyewe, laini, kama boksi lililonyeshewa.

"Acha utani," Plasta alisema.

"Utani wa nini? Nimesukuma."

"Sukuma kweli."

"Nakwambia nimesukuma, dada."

"Panauma wapi?"

Nyundo akacheka. Hapaumi popote, alisema. Bega halijawahi kumuuma hata siku moja, ndiyo maana hana haja ya kulala kwenye meza hiyo kama wenzake wanaolialia.

Jibu hilo ndilo lililomtia Plasta baridi katikati ya joto lile. Daftari lake la wachezaji lilikuwa na swali moja juu ya kila ukurasa, aliloliandika kwa mkono wake na kulipigia mistari miwili: Panauma wapi? Mwenye maumivu alipimwa, akachuliwa, akafungwa. Asiye na maumivu aligongwa begani na kuambiwa nenda kacheze. Ukurasa wa Nyundo ulikuwa mweupe kama sahani iliyooshwa.

Akamwambia ageuke, avue jezi. Chini ya ule ukingo wa fupa la bega la kulia, mahali ambapo panapaswa kuwa na nyama iliyojaa, kulikuwa na shimo. Plasta aliweka kidole gumba, kikazama. Na hakuweza kujitia hamnazo kwamba analiona kwa mara ya kwanza, kwa maana alikuwa amelipigia makofi.

Timu ile ilikuwa na desturi yake, kongwe kuliko wachezaji wote waliokuwamo. Mpigaji akishafanya kazi miaka kadhaa, wenzake humchungulia nyuma ya bega. Shimo likianza kuonekana, husemwa kwamba mpira umeanza kumchonga. Basi siku moja baada ya mazoezi anainamishwa katikati ya chumba, na Kocha mwenyewe anachukua kizibo cha chupa, anakijaza maji, anayamwaga ndani ya lile shimo. Yakikaa bila kumwagika mpaka wote wahesabu kumi, msichana amekuwa mpigaji. Yakimwagika, anaambiwa arudi mwakani. Kuna waliolia kwa kumwagikiwa. Nyundo alipomwagiwa ya kwake, miezi mitano iliyopita, maji yalikaa hata baada ya kumi, na chumba kikalipuka. Plasta alisimama juu ya benchi na simu yake akampiga picha, lile dimbwi dogo likimeremeta mgongoni.

Kocha naye alikuwa na shimo lake, kubwa kuliko yote. Kocha alikuwa shangazi yake Plasta, dada wa baba yake, aliyewahi kuwa mpigaji ambaye watu wazima bado wakimtaja hushusha sauti. Utotoni Plasta alikuwa akipanda mgongoni kwake, akitia kidole kwenye lile shimo, akiomba naye akikua apate la kwake. Hakuwahi kulipata. Alikuwa mfupi, na mpira ukimpita juu kama ndege, ndipo akaamua kusomea mikono ya wanaoufikia.

Jioni ile ile alimfuata Shangazi uwanjani, akiwa anahesabu mipira. Alimweleza taratibu. Msuli uliokaa kwenye shimo lile ndio unaogeuza mkono kwenda nje, na ndio unaouzuia mkono usichomoke baada ya smashi. Ni msuli wa breki. Wa Nyundo umekufa ganzi, umekonda, na msuli haukondi hivyo bila mshipa wa fahamu unaouendesha kuwa na hitilafu. Aende hospitali, apimwe, na kwa sasa aache kupiga.

Shangazi aliendelea kuhesabu mpaka akamaliza.

"Breki," alisema. "Mimi nafundisha wapigaji, mwanangu, sifundishi madereva."

"Shangazi, nimempima."

"Na mimi nimemwona Jumapili akipiga pointi kumi na tisa. Shimo hilo mimi ninalo mwaka wa ishirini na sita. Nimekufa?"

Kisha akamkumbusha, kama vile kuna aliyesahau, kwamba fainali ilikuwa baada ya siku kumi na saba, na kwamba benchi la mbele wangekaa wachaguzi wa timu ya taifa, na kwamba hao hawakuja kumtazama mwingine. Asitiwe hofu mtoto wa watu. Plasta alitaka kusema zaidi, lakini aliyekuwa mbele yake ndiye aliyemlea tangu akiwa darasa la pili, akamwombea hata kazi hii. Alimsaidia kubeba mfuko wa mipira na wakatoka.

Ijumaa ilikuwa siku ya mapumziko. Plasta akampeleka Nyundo hospitali bila kumwambia mtu, akimdanganya kidogo kwamba ni kipimo cha kawaida cha wachezaji wanaotarajiwa kuitwa taifa. Walizungushwa chumba hadi chumba tangu asubuhi, na saa nane wakaingia kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamume mwembamba aliyekuwa akizungumza na bega badala ya mwenye bega.

Alimlaza Nyundo kwa tumbo, akamchoma sindano nyembamba kwenye msuli wa bega la kushoto, sindano yenye waya ulioingia kwenye mashine yenye spika. Mashine ilinyamaza. Akamwambia asukume mkono kwenda nje, na spika ikanguruma kama mvua kubwa juu ya bati. Nyundo akasema kumbe ana redio mwilini, na hata daktari akatabasamu. Kisha akahamisha sindano kulia, ndani ya shimo. Hapa mashine haikunyamaza. Nyundo alikuwa ametulia tuli, lakini spika ikatoa tik, tik, tik, kama matone ya kwanza. Alipoambiwa asukume, zikaongezeka tiki tatu nne, basi.

"Msuli uliolala unatakiwa ukae kimya," daktari alisema. "Huu unaongea peke yake. Umekosa wa kuuamuru."

Akawaonyesha na picha aliyopigwa Nyundo kwenye mashine ya sumaku asubuhi. Mshipa wa fahamu ulitoka shingoni, ukapita juu ya bega, ukakata kona kwenye ukingo wa mfupa ili uingie kwenye msuli ule. Kwenye kona ile ile palikuwa na kifuko cha maji, kikubwa kama harage, kilichovuja kutoka ndani ya kiungo kilichochakaa kwa kupigishwa maelfu ya mara. Harage lile lilikuwa limeukalia mshipa. Na kwa kuwa mshipa ukishafika hapo unabeba amri zaidi ya maumivu, mwenyewe hasikii kitu. Smashi haikupungua nguvu kwa sababu misuli ya kupiga iko mbele, mizima. Kilichokufa ni cha kuzuia, na mkono usio na kizuizi utaendelea kulirarua bega kila ukipiga, mpaka siku ambayo hata kupiga kutashindikana.

"Limeanza lini?" daktari aliuliza.

Nyundo hakujua. Plasta alijua. Alitoa simu, akatafuta picha ile, akampa. Daktari aliiweka kando ya bega, akatazama huku na huku. Tarehe ilikuwapo, na kina kilionekana vizuri kwa sababu ya maji.

"Aliyekuwa na akili ya kuweka kumbukumbu hii ni nani?"

"Mimi."

"Umefanya vizuri sana. Wengi huja hapa hawana hata makadirio."

Afadhali angemzaba kofi. Plasta akaona heri aseme yote, akamweleza maji yale yalikuwa ya nini, na makofi, na kuhesabu hadi kumi. Daktari alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la koti muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Alichoamuru kilikuwa kifupi. Jumanne ijayo apasuliwe kwa vitundu vidogo, kamera iingie, kifuko kitolewe maji na pale kilipovuja pashonwe. Tangu leo asipige hata mpira mmoja. Nyundo akauliza, kwa adabu zote, kama haiwezekani iwe baada ya siku kumi na tano. Daktari, kwa mara ya kwanza, akamtazama usoni.

"Mshipa ukikaliwa muda mrefu, hata ukiachiwa, msuli haurudi. Miezi mitano tayari ni mingi. Kila wiki inakula kitu, binti. Wiki itakayokula cha mwisho siijui, na wewe huijui."

Walipofika kwenye korido, Nyundo aliegemea ukuta na kusimama pale, watu wakipita na mafaili. Hakulia. Alisema tangu ana miaka kumi na mitatu anangoja benchi lile la mbele lijae. Mama yake mzazi ameshakata kitambaa cha kushona gauni la kumsindikiza uwanja wa ndege. Kitu kisichouma, akamweleze nini?

"Nifunge plasta zako, nicheze," alisema. "Jumapili yake najileta mwenyewe, wanikate wanavyotaka."

"Plasta haiwezi kufika lilipo harage, mdogo wangu."

"Basi Kocha aseme. Kocha akiniambia nikae, nitakaa. Wewe si Kocha."

Jumamosi alasiri Plasta alikwenda nyumbani kwa Shangazi na bahasha ya picha kwapani. Shangazi alimkaribisha kwa maneno machache, akaketi kwenye kochi lake chini ya vikombe vya ushindi vilivyopangwa kabatini. Sebule ilikuwa na giza, akainuka kufungua pazia. Alisimama mbele ya dirisha. Pazia lilikuwa la kuvutwa kwenda kulia. Mkono wa kulia ukabaki ubavuni umetulia, wa kushoto ukapita mbele ya tumbo, ukalivuta.

 Ndipo Plasta alipokumbuka alikowahi kuuona mkono ukibadilishwa hivyo. Ni hapa, kwenye chumba hiki, kila asubuhi ya utoto wake.

"Shangazi, kaa hapa nikupime."

"Unipime nini? Mimba?"

"Kaa tu."

Labda ni sauti ya Plasta iliyomshinda. Shangazi alikaa. Plasta akachukua taulo la jikoni, akalikunja, akalibana kwenye kiwiko cha kushoto, akamwambia asukume. Shangazi alisukuma kama anayefukuza mbuzi, akamtania kwamba shule imemlegeza. Kisha taulo likahamia kulia. Plasta hakuuzuia mkono hata kwa kidole. Alimwambia tu augeuze uende nje. Mkono ulitetemeka, kiwiko kikajiinua kutoka kwenye taulo kutaka kusaidia, taulo likaanguka, na kiganja kikabaki pale pale tumboni.

Shangazi akautazama mkono wake kama mtoto wa jirani aliyekataa kusalimia wageni.

"Tena," alisema.

Wakarudia. Wakarudia mara ya tatu, Plasta akiokota taulo kila mara. 

Halafu Shangazi akaanza kuzungumza, bila kumtazama. Alisema aliacha kucheza akiwa na miaka ishirini na tisa. Mpira wake wa kuanzishia ulikuwa umeanza kwenda unakotaka wenyewe, na bega likawa kama linataka kutoka mahali pake. Hapakuuma mwanzoni, akaona aibu kwenda kwa daktari na bega lisilouma. Watu wakasema amelewa sifa, amekuwa mvivu, ana mwanamume. Gazeti liliandika.

"Na mimi nikaamini," alisema. "Miaka yote hii najua kwamba nilikuwa mvivu. Ndiyo maana nawakimbiza wale watoto."

Plasta alifungua bahasha, akamwonyesha harage la Nyundo kwenye mwanga wa dirisha. Shangazi aliitazama picha muda mrefu. Kisha midomo yake ikaanza kucheza, na Plasta akadhani anasali, kumbe alikuwa anahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto.

"Saba," alisema. "Niliowamwagia maji kwa mkono wangu. Saba, pamoja na huyu."

Jumatatu, kabla ya mazoezi, Kocha aliwataka wote waingie chumbani na viatu vyao mkononi. Aliketi kwenye benchi akiwapa mgongo, akavua jezi, akabaki na fulana ya mikanda. Wengi wao hawakuwahi kuliona shimo lenyewe, walilisikia tu. Mmoja alianza kupiga makofi kwa mazoea, akajikuta yuko peke yake, akaficha mikono kwapani. Kocha aliomba taulo. Plasta alimpima mbele ya wote, kushoto kisha kulia, na kiganja kikabaki tumboni kama juzi. Kocha akawaambia bila mapambo kwamba hilo ndilo walilokuwa wakilishangilia: ni kilema, amekaa nacho miaka ishirini na sita akijisifia. Halafu akamgeukia Nyundo, akamwambia kesho aende hospitali, hatacheza fainali.

Nyundo alisimama. Alikuwa mrefu kuliko wote mle ndani, na siku ile alionekana mrefu zaidi.

"Siku ile uliponimwagia," alisema, "ulijua?"

"Sikujua, mwanangu."

"Hukuuliza."

Alichukua mfuko wake na kutoka. Aliubeba begani, bega la kulia, na Plasta akataka kumkimbilia amwambie auhamishe, lakini mlango ulikuwa umeshajifunga.

Alipasuliwa Jumanne. Siku kumi na moja baadaye alikaa pembeni ya uwanja, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, akatazama timu yake ikifungwa seti tatu kwa moja. Wachaguzi walikuwapo, benchi limejaa. Waliandika jina la msichana wa timu pinzani. Nyundo hakupiga makofi wala hakulia, alikuwa akimtazama yule msichana mgongoni kila alipogeuka.

Daktari alisema kazi ilikwenda vizuri, kifuko kimetoka, mshipa unapumua. Zaidi ya hapo hakuahidi. Labda miezi mitatu, labda mwaka, labda nusu ya nguvu, labda shimo libaki vile vile na misuli mingine ijifunze kumbebea mzigo. Kocha aliwatafuta wale sita wengine. Wanne walipokea simu. Mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akakata bila kuaga. Mmoja alikuwa bado anacheza, mji mwingine, na alidai yeye yuko sawa, hapaumi.

Kwenye daftari la Plasta, chini ya swali la zamani, sasa kuna neno lingine: Geuka. Kila mwisho wa mwezi wasichana wote hupanga mstari, migongo nje, na taulo linapita kutoka ubavu hadi ubavu. Utani haujarudi sawasawa kwenye mstari ule.

Na kila Jumatatu Nyundo huja stoo, akakaa juu ya meza, akakunja mkono kama anayebeba trei. Haongei sana siku hizi. Wiki ya kwanza hakuna kitu, na ya pili, na ya tano. Wiki ya kumi na moja Kocha alikuwa amesimama mlangoni, akijifanya anatafuta wavu. Plasta akabana taulo, akaweka vidole viwili juu ya kiganja kile, vyepesi, kama mtu anayepima uji wa mtoto.

"Sukuma."

Nyundo alifumba macho. Shingo ikakaza, taya likakaza.  Kulikuwa na kitu chini ya vidole vyake, au ni mapigo ya moyo wake mwenyewe.

"Umesikia?" Nyundo aliuliza, macho bado amefumba.

Mlangoni, Shangazi hakutikisika. Plasta alijua jibu ambalo wote wawili walikuwa wanalitaka, na lingekuwa rahisi kulitoa. Zamani angelitoa, na makofi juu yake.

"Sijui," alisema. "Sukuma tena."